Fangasi inayorudi si uchafu wako

(Mazungumzo na kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, Mbagala, Dar es Salaam)

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, wadogo zangu, habari za asubuhi. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii kabla kisanduku hakijafunguliwa na hisa hazijaanza kununuliwa.

Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22. Mwezi uliopita mwenyekiti alinifuata. Alisema, bila kunitajia jina la mtu, kwamba ndani ya mwaka huu wanachama wanne wamechukua mkopo wa dharura kwa tatizo moja: fangasi ya ukeni isiyokoma. Wanne, kwenye kikundi cha watu thelathini, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anayekaa naye mkeka mmoja ana shida ileile. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi kwa kazi yangu nimeuona ukweli wake chumbani. Kwa hiyo leo neno "uke" nitalitaja kama lilivyo, na ninaomba tusiangaliane usoni kutafuta nani kati yetu anaumwa.

Wengi wenu mnapika maandazi, kwa hiyo nianzie jikoni. Hamira ni kiumbe hai, jamii ya kuvu. Ikiwa kavu kwenye pakiti, imelala. Ukiitia maji ya uvuguvugu na sukari inaamka, inazaliana, unga unaumuka. Fangasi ya ukeni ni ndugu wa mbali wa hamira. Wataalamu wanaiita kandida, na aina inayosumbua zaidi ni Candida albicans. Kula mkate au maandazi hakukuletei ugonjwa huu. Nimetaja hamira ili mwone tabia yake tu. Kandida inaishi na binadamu: mdomoni, tumboni, kwenye ngozi. Ukichukua wanawake 100 wasio na dalili yoyote, 10 hadi 20 kati yao utaikuta ukeni, imetulia, haina habari na mtu.

Hapo ndipo ninapotaka kuuvunja uongo wa kwanza, ule wa choo. Kila wiki nasikia: "Nesi, nimeokota fangasi choo cha stendi." Hapana, mama. Choo kichafu kina maradhi yake, kuhara kukiwamo, lakini kandida haikurukii kutoka kwenye sinki. Ulikuwa nayo, au ilitoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Swali la kujiuliza si umeipata wapi. Jiulize kitu gani kimeiamsha.

Ukeni kuna walinzi. Daktari mmoja wa Kijerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892: bakteria wazuri, leo tunawaita laktobasili. Wanatengeneza asidi ya maziwa, asidi ileile inayochachusha mtindi, na wanagombania nafasi na chakula na wadudu wengine. Wakivurugwa, kandida inapata uwanja. Ikipata uwanja, inabadilika umbo: inaacha kuwa viduara vidogo kama chembe za hamira, inaota nyuzi kama mizizi, inachimba kwenye ngozi laini na kutoa sumu inayoichubua. Mwili nao unajibu. Ndiyo ule muwasho unaokuamsha saa nane za usiku, uwekundu, kuvimba, na ute mzito mweupe kama mtindi ulioganda, ambao kwa kawaida hauna harufu mbaya.

Katika kila wanawake wanne, watatu watapata fangasi walau mara moja maishani. Hiyo ya mara moja moja haijanileta hapa. Inatibika kwa siku chache na maisha yanaendelea. Nimekuja kwa ajili ya yule anayeumwa mara tatu, nne au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Huyo ana kitu kingine kabisa, na kinahitaji tiba nyingine kabisa. Watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake kama huyo ni takriban milioni 138 duniani kila mwaka. Dada uliyekopa, uko na watu wengi sana.

Na nilitaja uchafu kwenye kichwa cha mazungumzo kwa sababu najua mnavyojilaumu. Nililelewa Rufiji. Nilipotolewa mwali, somo yangu alinifundisha kujisafisha ndani kwa kidole na kitambaa, asubuhi na jioni, mpaka kusiwe na utelezi. Namheshimu somo yangu mpaka leo. Alinifundisha mengi ya kunisaidia katika ndoa na katika uzazi, na alinifundisha hilo kwa upendo, kama naye alivyofundishwa. Lakini katika hilo moja alikosea. Uke unajisafisha wenyewe. Ule utelezi ndio walinzi na maji yao. Ukiukomba ndani kila siku, unawafukuza askari wako, kisha unashangaa mwizi kaingia. Na mwanamke mwenye muwasho akidhani ni uchafu, anazidisha kuosha. Akizidisha kuosha, ngozi inachubuka na muwasho unazidi. Nimekutana na kina mama wasafi kupita mimi, wanaooga mara nne kwa siku, wakilia mbele yangu kwamba wao ni wachafu.

Kuosha nje kwa maji safi kunatosha. Maji matupu. Kwa waislamu, kuchamba kwa maji ni nje, hakuhitaji kidole kuingia ndani, na ukimaliza jifute ukauke. Sabuni ya harufu, dawa ya maji ya kuua vijidudu, marashi, udi wa kujifukiza moja kwa moja ukeni, viacheni. Shabu na ugoro wa kubana, nawasihi, viacheni kabisa. Nimeona vidonda vya ugoro. Mwanamke ameungua ndani, na mwenye kidonda ukeni anapata VVU kwa urahisi zaidi.

Sasa niingie kwenye jambo linalonikera kuliko yote, maana hapa ndipo pesa za mikopo yenu zilipopotelea.

Hapa kwetu kila kitu ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mwanamke anawashwa, akikojoa anahisi moto. Anaenda dukani: "Una UTI." Anapewa antibayotiki siku tano. Antibayotiki haiui fangasi hata moja, kwa sababu fangasi si bakteria. Inachoua ni wale walinzi. Wiki ya pili muwasho umekuwa mkali zaidi, anarudi: "Hii UTI ni sugu." Anaongezewa antibayotiki kali, mara nyingine sindano. Fangasi inazidi kuumuka. Mwezi wa tatu anaambiwa ana "PID", yaani maambukizi ya kizazi, mwezi wa nne anatafuta dawa ya mitishamba kwenye simu, na mwezi wa tano mume ameanza kuuliza maswali. Mzunguko huu nimeuona mara nyingi mno, na kila aliyezungushwa alilipia kila hatua kwa fedha yake.

Kuna namna rahisi ya kuanza kutofautisha, na ningependa kila mmoja aondoke nayo. UTI ya kibofu inachoma ndani, wakati mkojo unatoka. Unabanwa kila mara, unaenda unatoa matone, tumbo la chini linauma. Fangasi inachoma nje, pale mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka, kama chumvi kwenye kidonda. Ukienda kwa mtaalamu, mwambie moto uko wapi: ndani au nje. Neno hilo moja linaweza kukuokolea dozi tatu.

Na wewe pia usijipe jina la ugonjwa kwa kubahatisha. Huko Marekani mwaka 2002 waliwachunguza wanawake 95 waliokuwa wameshanunua dawa ya fangasi dukani kwa kujiamini. Walioonekana kweli kuwa na fangasi peke yake walikuwa kama theluthi moja. Waliobaki wengi walikuwa na kitu kingine, au fangasi iliyochanganyika na kingine. Kama wao walikosea, na sisi tunakosea.

Ukiona ute mwepesi wa kijivu wenye harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, hiyo kwa kawaida ni bakteria walioharibika mpangilio. Ukiona ute wa manjano au kijani wenye povu, fikiria trikomona, na huo ni ugonjwa wa zinaa, unatibiwa wewe pamoja na mwenzi wako. Dawa za fangasi hazigusi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Na muwasho mkavu usio na ute kabisa unaweza kuwa mzio wa pedi au sabuni, au ugonjwa wa ngozi.

Mama zangu mliokwishakoma hedhi, hili la mwisho ni lenu. Fangasi ya ukeni hupenda homoni ya estrojeni, na kwenu imepungua, ndiyo maana kwenu fangasi ni nadra, isipokuwa kwa mwenye kisukari au anayetumia dawa za homoni. Mama wa miaka 60 anayewashwa miezi mingi, ngozi imekuwa nyeupe au imechanika, asipakwe dawa ya fangasi na kurudishwa nyumbani. Aangaliwe, na ikibidi ngozi ikatwe kipande kidogo kipimwe, kwa sababu kuna magonjwa ya ngozi pale, na mara chache hata saratani, yanayoanza kwa muwasho tu.

Kipimo chenyewe hakitishi. Mhudumu anachukua ute kwa kijiti chenye pamba, anapima asidi kwa karatasi (kwenye fangasi asidi inabaki ya kawaida, kwenye hayo mengine mawili hubadilika), kisha anaweka tone la dawa kwenye kioo na kutazama kwa darubini kutafuta zile nyuzi. Darubini inaweza kukosa kuiona. Kwa yule ambaye tatizo limerudi mara tatu, omba waioteshe maabara. Kuotesha kunaonyesha ni aina gani ya kandida, na hilo lina maana kubwa nitakayoifikia. Usipake wala kuweka dawa yoyote siku chache kabla ya kwenda, utaficha ushahidi.

Kwa nini inarudi kwako na hairudi kwa jirani? Nianze na sababu zinazopimika. Kisukari ni cha kwanza. Nilipokuwa mwaka wa tatu kazini, dada mmoja alikuja kwangu mara tano ndani ya miezi minane. Mara zote tano nilimpa kidonge kilekile, nikamwambia avae chupi za pamba. Mara ya sita alikuta mwenzangu yuko zamu, akamchoma kidole akapima sukari. Ilisoma 19, juu mno. Yule dada alikuwa anatembea na kisukari, na fangasi ilikuwa inanipigia kengele mara tano na mimi sisikii. Sijamsahau. Tangu siku hiyo, mwanamke akiniambia "imerudi", nachukua kipimo cha sukari kabla sijashika kalamu. Kumbukeni hamira: sukari ikiwa juu, imeandaliwa chakula. Na wenye kisukari wanaotumia zile dawa mpya ambazo jina linaishia na "gliflozini", zinatoa sukari kwa njia ya mkojo, na fangasi ni madhara yake yanayojulikana. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari wako.

VVU ni cha pili. Pimeni, bila woga. Wengi wenye fangasi inayorudi hawana VVU, lakini kwa aliye nayo, kujua mapema ni uhai. Dawa za steroidi za muda mrefu, ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni nyingi, vyote vinaweza kuchangia. Na antibayotiki za mara kwa mara, ambazo nimeshazisema, hasa zile mnazokunywa kwa kila mafua. Mafua yanatokana na virusi. Antibayotiki haiyatibu.

Halafu kuna wengine, na hawa ndio wengi, ambao tunapima kila kitu na hatupati kitu. Sukari nzuri, VVU hakuna, hawatumii dawa yoyote. Hawa mwili wao unaipokea kandida kwa hasira kuliko miili ya wengine; chembe chache tu, ambazo kwa jirani zingelala, kwao zinawasha moto. Dada, kama uko kundi hili, hukufanya kosa lolote.

Tiba.

Fangasi ya mara moja inatibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni, ya siku moja, tatu au sita kutegemea nguvu ya kidonge, au kwa kidonge kimoja cha kumeza cha flukonazoli, miligramu 150. Kuna pia nistatini ya kuweka ukeni kwa siku 14. Hii nistatini niiseme kidogo, kwa sababu ni kazi ya wanawake. Elizabeth Lee Hazen alikuwa jijini New York, Rachel Fuller Brown alikuwa Albany, maabara mbili mbali, wakitumiana kwa posta sampuli zilizooteshwa kutoka kwenye udongo. Mwaka 1950 walitangaza dawa ya kwanza ya kuua fangasi iliyo salama kwa binadamu, na wakaipa jina kutokana na jimbo lao la New York. Haki ya ugunduzi ile ilileta zaidi ya dola milioni 13, na wao hawakuchukua fedha ile. Waliielekeza kwenye utafiti wa sayansi. Tunayoiweka ukeni leo ilitoka mikononi mwa wanawake wawili waliokataa kutajirika nayo.

Kwa fangasi inayorudi, kidonge kimoja kinaizimisha juu, chini kuna makaa. Tiba yake ina sehemu mbili, na wengi hawajawahi kuambiwa sehemu ya pili. Kwanza unazima moto: flukonazoli miligramu 150 siku ya kwanza, ya nne na ya saba, vidonge vitatu. Au dawa ya kuweka ukeni siku 7 hadi 14. Pili unalinda: flukonazoli miligramu 150 mara moja kwa wiki, kwa miezi sita. Ndiyo, miezi sita. Kidonge kimoja kila wiki, hata kama huwashwi. Hapo ndipo wengi wanapoacha, wiki ya tatu, kwa sababu "nimepona". Hujapona, umetulia.

Utafiti uliotoa dozi hiyo ulichapishwa Marekani mwaka 2004, kwa wanawake 387. Baada ya miezi sita, wanawake 9 kati ya kila 10 waliokunywa kila wiki walikuwa hawajaumwa tena. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni kama 4 tu kati ya 10. Lakini lazima niwaambie na nusu ya pili. Ilipofika mwaka mmoja, miezi sita baada ya kuacha, waliobaki salama kwenye kundi la dawa walikuwa chini ya nusu, kama 43 kati ya 100. Kwa hiyo ikirudi baada ya miezi sita, hujalogwa na dawa si feki. Huo ndio ugonjwa wenyewe ulivyo, na daktari anaweza kukurudisha kwenye ulinzi kwa muda mrefu zaidi. Namwambia mgonjwa wangu ukweli huu siku ya kwanza, kwa sababu nimeona wanaoambiwa "utapona kabisa" wakivunjika moyo na kurudi kwa mganga wa mtandaoni.

Dawa hii si pipi. Mjamzito asimeze flukonazoli. Imehusishwa na kuharibika kwa mimba. Mjamzito anatumia klotrimazoli ya kuweka ukeni siku saba, kwa maelekezo ya kliniki. Kwa miezi hiyo sita, kama unaweza kushika mimba, zungumza na mtoa huduma kuhusu uzazi wa mpango. Mwenye ugonjwa wa ini aseme. Anayemeza glibenklamidi ya kisukari aseme, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Anayemeza dawa ya kuyeyusha damu, warfarini, aseme. Aliye kwenye dozi ya kifua kikuu aseme, kwa sababu rifampisini inaipunguza nguvu flukonazoli. Na dawa nyingi za kuweka ukeni zina mafuta, na mafuta yanaidhoofisha kondomu, hivyo usiitegemee siku hizo.

Nilisema kuotesha kuna maana. Zipo kandida nyingine, mfano glabrata na krusei. Krusei kwa asili yake haisikii flukonazoli, na glabrata inaisikia kwa shida. Mwanamke mwenye aina hizo anaweza kumeza flukonazoli mwaka mzima bila nafuu. Kwake kuna nistatini, na kuna vidonge vya asidi ya boriki vya miligramu 600 vya kuweka ukeni kila usiku kwa wiki tatu, kwa cheti cha daktari tu. Asidi hiyo ni sumu ikimezwa, imeua watu, na mjamzito haruhusiwi. Isikae mahali mtoto anapofika.

Mtindi, kula, ni chakula kizuri. Kuupaka ukeni hakujathibitika kutibu. Huko Australia mwaka 2004 waliwapa wanawake wanaotumia antibayotiki wale bakteria wa laktobasili, wengine kwa kumeza na wengine kwa kuweka, wakitarajia watazuia fangasi. Haikuzuia. Kitunguu saumu ukeni kinaunguza. Nimekitoa kwa koleo kwa mtu aliyekisahau siku tatu. Siki, ndimu, mwarobaini, vivyo hivyo, vitoeni huko.

Nguo niipitie haraka. Chupi ya pamba, suruali isiyobana, kubadili nguo yenye jasho, pedi ndogo za kila siku ziachwe kama huzihitaji. Usiku lala na kanga bila chupi. Ushahidi wake si mzito kama wa dawa, ila ngozi inapumua na muwasho unapungua, na haina gharama. Anikeni chupi zenu juani. Kuzificha nyuma ya mlango kwenye unyevunyevu hakuna heshima yoyote inayolindwa.

Nimalize na la ndani ya nyumba. Fangasi ya ukeni haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Mwanamke ambaye hajawahi kukutana na mwanamume anaweza kuipata. Mtawa anaipata. Mume hatibiwi kwa sababu tu mkewe anaumwa. Anatibiwa akiwa na dalili, yaani kichwa cha uume chekundu, kinawasha, kina vipele. Nimewahi kukaa na wanandoa waliokuwa wameshagawana vyombo. Mume alikuwa amesikia fangasi imerudi mara ya nne akahitimisha kwamba mke ana mtu nje. Nilimchorea hamira kwenye karatasi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akamwuliza mke wake, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaumwa kweli?" Yule mama alilia, na mimi nilitoka nje kidogo niwaachie chumba. Kama mnahitaji niongee na waume zenu, niiteni. Nitakuja siku ya Jumapili, siku yao ya mapumziko.

Haya, maswali.

Ndiyo mama, wa kilemba cha bluu. Anauliza hiyo miezi sita ikiangukia Ramadhani inakuwaje. Swali zuri sana. Kidonge cha kila wiki chagua siku moja, tuseme usiku wa kuamkia Ijumaa, ukimeze baada ya futari. Hakina haja ya kumezwa mchana. Dawa ya kuweka ukeni nayo iwekwe usiku, ndivyo inavyotakiwa hata mwezi wa kawaida, kwa sababu ukilala haitoki.

Dada wa nyuma anauliza, nikisahau wiki moja? Meza siku utakayokumbuka, kisha rudi kwenye siku yako ya kawaida. Usimeze viwili kwa pamoja. Andika kwenye kalenda, au unganisha na siku ya kikundi: Jumamosi hisa, Jumamosi kidonge.

Na mdogo wangu pale anauliza akifika hospitali aanze na maneno gani, maana akiulizwa "unaumwa nini" mbele ya foleni anaishia kusema tumbo. Mwambie nesi wa mapokezi: "Naomba kuonana na mtoa huduma faraghani." Ni haki yako. Ukiwa chumbani sema hivi: "Nawashwa ukeni, hii ni mara ya nne mwaka huu, nimeshatumia dawa hizi." Mtolee maboksi ya dawa uliyokuja nayo kwenye mfuko, yote, hata ya mitishamba. Kisha sema: "Naomba kipimo cha ute, cha sukari na cha VVU kabla ya dawa." Kama unaona haya kutamka, andika kwenye karatasi ukampe. Mimi nakaa hapa chini ya mwembe mpaka saa nane, na kalamu ninayo.